Méschac na Foleni ya Barafu

Méschac Ilunga alikuwa na diploma ya informatika, mke mwenye ulimi mkali, shamba la mihogo huko Mantapala kwenye makazi ya wakimbizi, na baiskeli isiyo na breki. Katika vitu hivyo vinne, diploma ndiyo iliyokuwa imemfaa kidogo kuliko vyote.

Kule Pweto, ng'ambo ya ziwa la Mweru, upande wa Kongo, alifundisha programu kwa miaka tisa katika shule ambayo haikuwa na komputa hata moja. Wanafunzi wake waliandika programu ubaoni kwa chaki, na zote zilifanya kazi vizuri sana, maana ubao haujawahi kumwambia mtu kwamba amesahau nukta-mkato. Kisha vita vikaja. Mwaka wa elfu mbili na kumi na saba akavuka kwa boti na mke wake Plamedie na binti yao Gloire, wakapokewa katika kambi ya Kenani, na huko Méschac akaisoma foleni kwa vitendo: foleni ya maji, foleni ya maharage, foleni ya sabuni, na foleni ya kuhesabiwa ili ijulikane ni wangapi wamepanga foleni. Kama vyuo vikuu vingetoa shahada ya kusimama, angekuwa profesa.

Kwa hiyo siku alipoitwa Kashikishi, sokoni kando ya ziwa, ili aitengenezee foleni koperativu moja ya wachuuzi wa samaki, hakushangaa. Alijiuliza tu kwa nini walikuwa wamechelewa hivyo.

Koperativu ile ilikuwa na mashine moja ya kutengeneza barafu na mwenyekiti mmoja, na haikuwa rahisi kusema ni kipi kati ya hivyo viwili kilichokuwa baridi zaidi kwa watu. Umeme ulikuja kwa saa chache tu, siku nyingine asubuhi, siku nyingine hauji kabisa. Barafu ilikuwa kidogo, samaki wengi, na jua la Mweru halimsubiri mtu. Nani apate kwanza? Hilo liliamuliwa na daftari la koperativu, ambalo lilikuwa na sifa ya pekee: lilikuwa na kurasa za mbele, na kurasa za mbele zaidi. Mchuuzi angeweza kuandikishwa wa tatu alfajiri, na kufikia saa nne akawa wa kumi na moja bila kusogea hatua moja. Waliompita walikuwa ama shemeji za mwenyekiti, ama watu waliotaka kuwa shemeji zake.

Mwenyekiti mwenyewe, Bwana Mwewa, hakuuza samaki. Alikuwa na baa. Lakini bia ya moto ni msiba, na ndiyo sababu alikuwa ameitumikia koperativu ya samaki kwa moyo wote kwa miaka sita. Mwezi ule alikuwa ametoka semina ya siku tatu Mansa, akarudi na begi la nailoni na neno moja: dijito, akimaanisha dijitali.

“Ticha,” alimwambia Méschac, akiegemea meza, “tunataka foleni ya dijito. Wafadhili wanapenda vitu vya dijito. Utaweza?”

“Nitaweza, cheyamani. Lakini niulize kwanza: mutu wa kwanza ni nani? Ule mwenye kufika mbele, ao ule mwenye samaki yake inakaribia kuoza?”

Mwenyekiti alitafakari. Swali la nani awe wa kwanza halikuwahi kumpa taabu maishani. “Weka yule wa haki,” alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba haki na yeye ni majirani.

Méschac alipewa laptopu kuukuu iliyokosa herufi P, kiti, na kona nyuma ya mashine ya barafu, mahali palipokuwa na ubaridi kuliko pote Kashikishi. Huko akajenga kile ambacho darasani alikiita file ya kipaumbele, yaani foleni. Foleni ya kawaida ni ya wajinga wazuri: anayewahi anahudumiwa. Foleni ya kipaumbele humwangalia kila mtu usoni na kumwuliza ana haraka gani, na mwenye haja kubwa hutoka kwanza hata kama amefika wa mwisho.

Aliijenga kwa objekti, kama alivyofundisha. Kwanza alichora klasi ya mchuuzi. Klasi ni kama kibao cha kufyatulia matofali, na objekti ni tofali lenyewe: kila mwanamke aliyeshuka na kreti za samaki angekuwa objekti moja, mwenye jina lake na haraka yake. Kisha klasi ya foleni, yenye kazi tatu tu: kuingiza, kutazama nani yuko mbele, na kutoa. Na namba ya haraka aliifungia ndani ya objekti, isionekane wala kuguswa kutoka nje. Hakuna mkono ambao ungeweza kuifikia kuibadilisha, si wa karani, si wa shemeji. Alipoandika neno la kuifunga, Méschac alihisi raha ambayo hakuwa ameihisi tangu Pweto.

Ndani ya foleni aliwapanga watu kwa lundo. Kila mmoja ana wawili chini yake, na hao wana wawili wawili, hivyo hivyo hadi chini. Mgeni akifika anawekwa chini kabisa. Anajilinganisha na aliye juu yake: akimzidi haja, wanabadilishana viti, na anapanda tena; asipomzidi, anakaa kimya. Hakuna kupiga simu kwa mjomba. Méschac aliona kwamba hakuna koperativu yoyote duniani iliyowahi kuendeshwa kwa uadilifu wa namna hiyo, na kwa hakika hilo lingemtia shaka mtu mwenye busara zaidi.

Aliijaribu kwa mfano wa zamani aliouandika ubaoni mara mia: namba moja ni haraka sana, namba mbili ni haraka kiasi, namba tatu asubiri. Moja akatoka kwanza, kisha mbili, kisha tatu. Safi. Ndipo akaziondoa namba za ubaoni na kuweka za ziwani: saa ambazo samaki wamekaa tangu kutoka majini, kama zilivyoandikwa kwenye karatasi ya mizani. Aliishiwa na muda wa kujaribu tena, kwa sababu uzinduzi ulikuwa kesho yake na mwenyekiti alikuwa tayari amekodi viti.

Uzinduzi ulikuwa wa kufana. Kulikuwa na utepe, sala, na hotuba iliyoanza saa mbili asubuhi, ambapo umeme ulikuwepo, na kumalizika saa nne, ambapo ulikuwa bado unajitahidi kuwepo. Wachuuzi ishirini na mbili waliandikishwa. Miongoni mwao alikuwa Mama Luse, mwanamke wa makamo kutoka Kafutuma aliyenunua samaki kisiwani Kilwa, humo ziwani, na kuwaleta kwa boti ya injini. Samaki wake wa aina ya makobo, kreti nne, walikuwa wametoka majini saa tisa zilizopita. Alikuwa mtu mpole wa Kibemba aliyesema Kiswahili cha biashara, yaani maneno machache yasiyopotea bure.

Mwenyekiti naye akaomba aandikishwe. “Kwa heshima tu,” alisema. Hakuwa na samaki, kwa hiyo Méschac akamwandikia saa sifuri, akijua kwamba mtu wa saa sifuri atakuwa wa mwisho na heshima yake itabaki salama mkiani.

Akabonyeza kitufe. Spika ikakohoa, na skrini ikaandika kwa herufi kubwa: MWEWA.

Halafu mwenyekiti akaanza kupiga makofi, peke yake kwanza, kisha pamoja na wote waliokuwa na sababu ya kupiga makofi.

“Mumeona?” alisema, machozi yakimlengalenga. “Komputa haina upendeleo. Komputa iko na akili!”

Barafu mifuko mitatu ilikwenda baa. Aliyefuata kuitwa alikuwa kijana ambaye samaki wake walikuwa bado wanarukaruka ndani ya ndoo. Kisha mwenye samaki wa nusu saa. Kisha wa saa moja. Méschac alitazama skrini jinsi mtu anavyotazama suruali yake iliyochanika mbele ya kanisa zima. Alitaka kusimamisha mashine, lakini mfadhili mmoja kati ya wageni alikuwa anapiga picha na mwenyekiti alikuwa amemshika bega. Saa tano umeme ukakatika. Wachuuzi sita walikuwa hawajaitwa, na wa mwisho kabisa katika hao alikuwa Mama Luse.

Wageni walipokwisha kula na kuondoka, Méschac alifungua programu yake, na kosa halikumchukua hata dakika tano. Ubaoni, namba ndogo ilikuwa ndiyo yenye haraka. Ziwani, namba ndogo ilikuwa samaki mbichi. Alibadilisha namba akasahau kubadilisha mlinganisho. Lundo lilikuwa limefanya kazi yake bila hila: lilimtafuta asiye na haja kuliko wote, likampandisha hadi juu, na kumkuta mwenyekiti.

Aliinuka akamfuata Mama Luse. Alimkuta pembeni ya mabanda ya kukaushia samaki, ameketi kwenye kigogo, kisu mkononi, anawapasua makobo ambao bado walifaa kubanikwa. Wengine, kreti nzima na nusu, alikuwa amewaweka kando, na nzi walishaanza mkutano.

“Mama,” Méschac alisema, “kosa ni yangu.”

Luse hakuinua kichwa. “Ya cheyamani.”

“Hapana, mama. Si ya cheyamani. Mimi njo niliandika mubaya. Nilitaka samaki ya zamani itoke mbele, nikaandika kinyume.”

Kisu kilisimama. Mama Luse alimtazama kwa mara ya kwanza, polepole, kama anayekagua matamvua ya samaki ili ajue kama muuzaji anadanganya.

“Awe,” alisema. Hapana. “Miaka sita niko mu hii koperativu. Hakuna mutu alisema kosa ni yake. Unaumwa?”

“Siumwi, mama.”

“Ile komputa yako inapenda samaki mizima. Kama ilikuwa daktari, ingetibia bale bazima kwanza. Wagonjwa bangoje, labda watapona beenyewe, labda watakufa, foleni itapungua.”

Mama Luse akachomoa kisu cha pili chini ya kanga, akampa Méschac upande wa mpini.

“Anza na hawa wakubwa,” alisema. “Pasua mugongoni, si tumboni. Mwalimu wa komputa anajua mugongo?”

Alijua mgongo, ila hakuujua vizuri. Alipasua samaki kuanzia adhuhuri hadi jua lilipoanza kugusa upande wa Kongo. Alijikata mara mbili, na chumvi ikamkumbusha kila kosa aliloandika tangu ujana. Wanawake waliopita waliuliza huyu Mkongo anafanya nini, na Luse akawajibu, “Anatengeneza programu.” Hakucheka, lakini wao walicheka mpaka wakaushika ukuta.

Kesho yake, kabla ya umeme kuja, Méschac aliandika upya. Hakugeuza mlinganisho; aliifuta kabisa ile hesabu ya saa ngapi zimepita, maana saa ngapi zimepita hubadilika kila dakika na programu ingebaki na namba zilizolala. Badala yake akaweka saa yenyewe ambayo samaki walitoka majini. Aliyetoka alfajiri ana namba ndogo kuliko aliyetoka asubuhi, kwa hiyo mdogo atoke kwanza, kama ubaoni. Na akaongeza sharti moja mlangoni: mchuuzi asiye na saa ya samaki kutoka majini hawezi kuumbwa. Objekti haizaliwi. Foleni haimkatai mtu huyo, haimjui tu.

Safari hii alijaribu mara arobaini.

Siku hiyo Mama Luse aliitwa wa pili, nyuma ya mzee mmoja aliyetoka mbali zaidi na samaki waliokaa zaidi. Hakusherehekea. Alichukua barafu yake na kwenda, kama mtu anayepewa kilicho chake. Saa tatu mwenyekiti akaja kuandikishwa, na skrini ikamwandikia kwa adabu: HAKUNA SAMAKI.

“Ticha,” alisema mwenyekiti, “komputa imeharibika.”

“Hapana, cheyamani. Jana njo ilikuwa imeharibika. Leo nimetengeneza.”

“Jana ilikuwa nzuri sana! Wageni wote waliona. Rudisha ile ya jana.”

“Ile ya jana inaozesha samaki.”

“Samaki wanaoza tangu enzi za babu yangu,” mwenyekiti alisema kwa upole, “na hatukuwahi kuwalaumu wakubwa. Sikiliza, Ticha. Mimi si mtu wa tamaa. Lakini koperativu ambayo jina la mwenyekiti haliko mbele, hiyo ni koperativu ya namna gani? Jina langu liwe mbele ya wa kwanza. Kufikia saa sita. Ao nitatafuta mtu mwingine wa dijito.”

Akaondoka, akamwacha Méschac na laptopu yake na fikra za Mantapala, ambako mihogo ingehitaji palizi na Plamedie angehitaji maelezo. Angeweza kufungua mlango wa siri kwa mtu mmoja. Ni mstari mmoja tu. Wengi wameandika mstari huo, na dunia imejaa programu zao. Alikaa akiutazama ule mpango wa lundo, kiti kimoja na vingine viwili chini yake, na ndipo alipokiona kiti ambacho hakuna aliyekikalia.

Komputa huanza kuhesabu kwenye sifuri, lakini anayejenga lundo kama alivyozoea Méschac huacha nafasi ya sifuri wazi na kumweka wa kwanza kwenye moja, ili hesabu iende vizuri: chini ya moja kuna mbili na tatu, chini ya mbili kuna nne na tano. Nafasi ya sifuri ipo, iko mbele ya wote, na haifanyi kitu chochote. Haipandi, haishuki, haitolewi. Méschac hakuwahi kuona cheo kinachomfaa mtu namna ile.

Saa sita mwenyekiti alirudi. Juu kabisa ya skrini, juu ya namba moja, kwa rangi ya dhahabu, palikuwa pameandikwa: 0. MHESHIMIWA MWENYEKITI MWEWA.

“Zero?” aliuliza, uso ukianza kukunjika.

“Zero iko mbele ya moja, cheyamani. Bote banaanza na moja. Weye unaanza mbele ya mwanzo.”

Uso ulikunjuka. Mwenyekiti aliirudia, “mbele ya mwanzo,” kama anayeonja pombe mpya. Lakini hakuwa mjinga, na baada ya siku mbili aliuliza lile swali lililobaki.

“Mbona spika haijawahi kuniita?”

Méschac alikuwa amelitarajia. “Inaita bale banaongoja, cheyamani. Mukubwa anangojaka?”

Mwenyekiti alifikiri. Kusema kwamba anangoja ilikuwa kujishusha mbele ya wachuuzi waliokuwa wanasikiliza kwa masikio yote. “Sitangoja mimi,” alisema.

Basi hakungoja. Baa yake ilipata barafu iliyobaki jioni, kama kila asiye na samaki, na ilipokosekana aliuza bia ya moto na kuwaeleza wateja kwamba ndivyo inavyonywewa Ulaya. Wajumbe walipokuja toka Lusaka, alisimama mbele ya skrini na kuwafafanulia falsafa ya namba sifuri: kiongozi anayejitoa kwenye foleni ili watu wake wahudumiwe. Mmoja wao aliandika maneno hayo kwenye kijitabu. Mwenyekiti akapewa cheti cha ubunifu chenye picha yake. Méschac alipewa fulana, saizi ya watu wawili, na kandarasi hadi mwisho wa msimu.

Jumamosi aliyaeleza yote Mantapala, akiwa amevaa ile fulana ambayo Gloire alikuwa ameshaingia ndani yake pia.

“Kwa hiyo umekuta mutu mwongo,” Plamedie alisema, akimenya mihogo, “ukamupatia kiti cha uongo, na sasa bote beko na furaha.”

“Kiti ni cha kweli, Mama Gloire. Ni kazi njo haina.”

“Kama serikali,” alisema mke wake, na kumpa kisu ili naye amenye.

Desemba ziwa lilifungwa, kama kila mwaka, ili samaki wazae. Boti zilivutwa mchangani, mashine ya barafu ikazimwa, na wachuuzi wakatawanyika kwenda mashambani. Méschac alikuwa anafunga laptopu ndani ya mfuko wa plastiki mlango ulipobishwa. Alikuwa Mama Luse, amevaa viatu vya kanisani.

“Mukwai,” alisalimu kwa heshima, kisha akaketi kwenye kiti bila kungoja. “Nataka kujua.”

“Kujua nini, mama?”

“Hii. Mwaka huu wewe uko. Mwaka kesho labda utarudi Kongo, labda cheyamani atakufukuza. Nani atajua kama wamegeuza tena ile kintu yako? Nifundishe.”

Méschac alifungua mfuko tena. Alimwonyesha kitufe cha kuingiza na cha kutoa. Mama Luse alibonyeza kwa kidole kimoja kilichokakamaa kwa visu na chumvi, akaingiza majina ya wanawake wote wa soko pamoja na saa za samaki alizozitunga mwenyewe, akawatoa mmoja mmoja, akihakikisha kila mara kwa sauti kama anayehesabu kreti. Alikuwa mkali. Aliingiza wawili wenye saa sawasawa aone nani atatangulia. Alipogundua kwamba aliyefika baadaye ametangulia, alimtazama mwalimu wake mpaka mwalimu akachukua kalamu na kuandika.

Foleni ikaisha. Skrini ikabaki na jina moja la dhahabu juu, ambalo lilikaa pale kwa sababu halikuwa na pa kwenda.

“Sasa hakuna mutu,” alisema Mama Luse. “Nikibonyeza?”

Méschac alifungua mdomo kumwambia asibonyeze, kisha akatambua kwamba hakujua. Katika miaka tisa ya chaki, hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kuuliza.

Mama Luse alibonyeza. Programu ikaanguka yote kwa kishindo kimya, skrini ikawa nyeusi na kujaa maandishi mekundu ya Kiingereza, yakiteremka kama mvua.

Alianza kucheka, kwanza taratibu, kisha mabega yakamtikisika, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. Méschac naye akacheka, ingawa ni yeye aliyekuwa na kazi ya kurekebisha. Kisha akavuta kiti karibu, akamsogezea laptopu, na kumwonyesha mahali pa kuandika.

“Andika hapa,” alimwambia. “‘Kama foleni haina mutu.’ Ile iende mbele, kabla ya kutoa. Ukifika kwenye herufi P, haiko, tutairuka.”